Kutuma Udi Nchi za Baridi: Uzoefu wa Fundi wa Lamu

Wanaoniletea ala zao nizifungashe kwa safari ya Ulaya au Kanada huanza na swali moja: je, baridi ya huko juu ndegeni haitaupasua udi, ala yetu hii ya nyuzi? Huwa nawajibu kwamba katika kazi hii nimeona ala nyingi zaidi zilizopasuka baada ya kufika salama kuliko zilizopasuka njiani, na kwamba baridi yenyewe haina lawama kubwa kiasi hicho. Mharibifu mkuu ni ukavu, na ukavu mbaya zaidi haumo ndani ya ndege. Umo sebuleni, katika nyumba iliyopashwa joto vizuri, ambamo mwenye ala ameketi kwa starehe huku theluji ikianguka nje. Kwa sababu hiyo nimekuja kuamini kwamba kasha na sponji ni sehemu ndogo tu ya ulinzi, na kwamba sehemu iliyo kubwa hufanyika hapa hapa Lamu, kabla mbao hazijaunganishwa.

Mtu wa pwani huona taabu kusadiki kwamba hewa ya theluji ni hewa kavu, kwa kuwa theluji ni maji. Lakini hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 huweza kuchukua takriban gramu 30 za maji. Ikiwa na digrii 20 huchukua gramu 17. Kwenye digrii sifuri haifiki gramu 5, na kwenye digrii 10 chini ya sifuri hubeba gramu 2 na ushei. Hewa ile ya sifuri ikiingia ndani ya nyumba na kupashwa joto na radieta, ile hita ya ukutani, hadi digrii 20, bila mtu kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 26 ya kiasi inachoweza kubeba, hata kama huko nje ilikuwa imeshiba kabisa. Na ile ya digrii 10 chini ya sifuri huishia karibu asilimia 12. Mbao hazina habari kwamba chumba hicho kina raha. Huendelea kutoa maji yake mpaka zilingane na hewa inayozizunguka.

Hapa kwetu unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, na ubao uliokaa karakanani muda mrefu huwa na maji ya kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake ukiwa mkavu kabisa. Katika sebule yenye unyevu wa asilimia 20 ubao huohuo hushuka mpaka asilimia 4 au 5. Uso wa udi ni ubao laini wa sprusi wenye unene wa milimita 2 hivi na upana wa sentimita 36, na upungufu huo wa maji ungeufanya usinyae upande wa upana kwa karibu milimita 5 kama ungekuwa huru. Hauko huru. Kwa ndani umegundishwa vibao vyembamba vinavyoukingama, na kwa kuwa mbao karibu hazifupiki kabisa kwa urefu, vibao hivyo hubaki na urefu uleule huku uso unaovishikilia ukitaka kujikunyata. Hapo kimoja kati ya viwili lazima kiachie, gundi au ubao.

Ushahidi wa kwanza wa jambo hili nilioushika kwa mikono yangu haukutoka Ulaya, bali ulikuja wenyewe Lamu. Mpiga udi mmoja anayeishi Sweden alifikia katika nyumba ya kupanga mtaani Mkomani wakati wa Kaskazi, akiwa na ala nzuri iliyotengenezwa na kutunzwa huko kwao. Haukupita muda akaniletea, akilalamika kwamba vigingi vya kukazia nyuzi vimegoma kuzunguka, uso umevimba, na nyuzi zimepanda juu ya shingo kiasi cha kumuumiza vidole. Hakuna kilichovunjika. Ala ilikuwa imekunywa unyevu wetu. Aliporudi kwao aliniandikia kwamba vigingi sasa vinateleza, nyuzi zimeshuka zikigusa shingo na kuvuma ovyo, na kwamba kila kitu kimegeuka kinyume. Nilipoisoma barua yake nilielewa kwamba udi wa kwetu ukipelekwa kule ungefanya safari hiyohiyo ya upande mmoja, na kwa kuwa ulizaliwa ukiwa umeshiba, ungekuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Baadaye nilianza kupokea ala za kutengeneza, nyingine kazi za mafundi hodari wa mwambao huu, zilizorudishwa na ndugu walioishi ng'ambo. Ala iliyoumia husema yenyewe ilivyoumia. Mpasuko wa kishindo huvunja nyuzinyuzi za ubao, hukata huku na huku, na mara nyingi huwa na alama ya kitu kilichogonga. Mpasuko wa ukavu hunyooka kufuata mistari ya ubao, huanzia ukingoni au karibu na daraja linaloshika nyuzi, na ukiuminya kwa vidole kingo zake hazikutani, kwa sababu ubao umepungua. Mbavu za mgongo nazo huachana kwenye maungio, mwanga ukaonekana ukichungulia kwa ndani. Nasema haya kwa sababu wateja wengi huandika malalamiko kwa wasafirishaji wakidai fidia ya udi uliopasuka njiani, ilhali nyufa zenyewe zinaonyesha kwamba ala ilifika nzima ikaanza kupasuka wiki kadhaa baadaye, ikiwa imetundikwa ukutani juu ya hita. Wasafirishaji wana makosa yao, na nitayafikia, lakini hilo si lao.

Aliyenifunza kushika tezo na randa ni ami yangu, Mungu amrehemu, ambaye maisha yake yote alitengeneza milango na makasha, na udi kwa mapenzi tu. Nakumbuka siku nilipomletea ubao wa mkangazi uliokuwa umeegemezwa ukutani misimu kadhaa.

"Ami, huu si umekauka sasa?"

Aliugonga kwa kidole, akaupima kwa mkono. "Umekauka kukauka kwa hapa, mwanangu. Wendako una kukauka kwake."

Yeye mwenyewe alikuwa akitundika mbao za udi juu ya jiko la kuni, zikapata moshi na joto kwa muda mrefu kabla ya kuzigusa. Sikuwa na jiko la kuni, na moshi hupaka rangi nisiyoitaka kwenye sprusi, kwa hiyo nilitengeneza kabati la plaiwudi nikaliweka ghorofani, chini ya paa la makuti. Sikuliweka chini kwa sababu kuta za nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vya chini huvuta unyevu wa ardhi pamoja na chumvi, na chumvi hiyo haiachi kuita maji. Ndani ya kabati kuna taa ya umeme ya zamani ya wati 60. Taa za kisasa zinazookoa umeme hazifai hapa, kwa kuwa sifa yao kubwa ndiyo ila yao kwangu: hazitoi joto la maana.

Kabati hilo linafanya kitu kilekile kinachofanywa na hita ya Ulaya. Hewa ya digrii 28 yenye unyevu wa asilimia 78 ikipandishwa joto hadi digrii 38, bila kuongezwa wala kupunguzwa maji, unyevu wake hushuka mpaka karibu asilimia 45. Nina kipimaunyevu kidogo cha bei nafuu kinachoning'inia humo, na naongeza au kupunguza uwazi wa tundu la juu mpaka mshale ukae kati ya 40 na 50, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa na mafundi wengi wa ala za nyuzi duniani. Kila kipande, ubavu, uso, vibao vya ndani na shingo, nakipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito wake kwa penseli pembeni. Uzito hushuka upesi mwanzoni, kisha polepole, kisha husimama, na usiposhuka tena ndipo najua kwamba ubao umefika mahali ninapotaka. Vipande vya shingo, kwa unene wake, huchelewa sana kuliko uso, na umeme unapokatika usiku kucha, jambo ambalo si geni kwetu, hesabu hurudi nyuma kidogo.

Kazi ya kugundisha uso kwenye mbavu naifanya mara ubao unapotoka kabatini, milango ikiwa imefungwa, kwa sababu ubao wenye unene wa milimita 2 huanza kunywa hewa ya Lamu saa hiyohiyo. Ala ikishafungwa ikiwa kavu, kisha ikakaa nami hapa, uso wake huinuka kidogo kwa kuvimba. Hilo halinisumbui. Mbao huvumilia kubanwa kuliko zinavyovumilia kuvutwa, na udi ulioungwa ukavuni ukavimba kidogo ukiwa Lamu utakapofika Oslo utarudi tu kwenye hali uliyoungwa nayo. Uliounganishwa katika unyevu wetu hauna pa kurudi.

Majira nayo yana neno. Wageni wetu wengi huja Lamu wakati wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati ambao wakisikia udi ukipigwa barazani huutamani, na si ajabu, kwani mji huu ndio uliomzaa Zein l'Abdin, yule mpiga udi mashuhuri, na masikio ya watu bado yanamkumbuka. Huagiza, hulipa, na hutaka ala iwatangulie nyumbani. Lakini Kaskazi ya kwetu ndiyo baridi kali ya kwao. Tena ala zilizo tayari dukani mwezi wa Desemba huwa zilitengenezwa wakati wa Kusi, pamoja na masika yake, msimu ambao mbao zetu hushiba maji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo biashara yetu, ikiachwa ijiendee yenyewe, huchukua ala yenye unyevu mwingi kuliko zote na kuipeleka kwenye hewa iliyo kavu kuliko zote. Nimejaribu kupindua mpango huo: mbao za kutumwa naziunganisha kati ya Januari na Machi, na safari nahimiza ziwe kati ya Mei na Septemba. Si wateja wote wanaokubali kungoja, na fundi mwenye ada za shule za kulipa hawezi kumkatalia kila mmoja.

Kuhusu gundi nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Uso wa udi naugundisha kwa gundi ya ngozi iliyopikwa, si gundi nyeupe ya dukani. Gundi ya ngozi huwa ngumu na tayari kuvunjika inapokauka sana, na hiyo ndiyo faida yake, kwani ukavu ukizidi maungio huachia kabla ubao haujapasuka, na maungio yaliyoachia hurudishwa kwa brashi na maji ya moto katika muda wa mchana mmoja. Ubaya wake ni kwamba haipendi joto pamoja na unyevu, nayo safari ya kutoka Lamu huanza na vyote viwili. Kasha lililoachwa juani kwenye gati la Mokowe adhuhuri, au ndani ya buti la basi kwenye barabara ya Witu na Garsen, linaweza kulegeza kile ambacho baridi ya wiki ijayo itakimalizia. Gundi nyeupe nayo hulegea kwenye joto, tena polepole na kwa siri, mpaka daraja likahama mahali pake.

Vanishi ndiyo sehemu ambayo baridi yenyewe, bila msaada wa ukavu, hufanya uharibifu. Vanishi nene ya kupuliza, ile ngumu inayong'aa sana, ikipozwa mno kisha ikapashwa joto kwa ghafla hupata nyufa ndogondogo zilizotanda kama utando wa buibui, kwa sababu yenyewe na ubao ulio chini havinywei wala kutanuka kwa kadiri moja. Nyufa hizo haziharibu sauti, lakini hakuna mteja anayetaka kuziona. Mimi hupaka shelaki, vanishi ya asili, kwa kitambaa, tabaka jembamba juu ya jembamba, na mgongo naupaka hata kwa ndani kabla sijaufunga. Shelaki haizuii unyevu kupita. Huuchelewesha, na kucheleweshwa ni jambo kubwa kwa mbao.

Sasa nije kwenye kufungasha, ambako ndiko watu hutaka nianzie. Kabla ya yote nazilegeza nyuzi bila kuzitoa, ili uso na shingo visipoteze ghafla mvutano vilivyouzoea wala visiubebe wote vikiwa baridini. Udi naufunga kwa kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa bila marashi, kisha nauingiza kwenye mfuko mzito wa nailoni, naminya hewa yote inayoweza kutoka na kuufunga mdomo kwa utepe. Watu hunionya kwamba ndani ya nailoni mvuke utageuka matone mara mzigo utakapopata baridi. Hofu hiyo ni ya kweli kwa mfuko wenye hewa nyingi na kitu kisichonywa maji. Mfuko uliojaa mbao na pamba, wenye hewa kidogo, hujitunza wenyewe, kwa kuwa mbao zina maji mengi mno kuliko ile hewa na ndizo zinazoamua unyevu wake. Joto likishuka, mbao hunyonya mvuke wa ziada, na unyevu ndani ya mfuko hushuka kidogo badala ya kupanda. Watu wa makumbusho wanaosafirisha vinyago na picha za ubao hutegemea kanuni hiyohiyo. Kanga ipo ili tone la maji likitokea kwenye nailoni lisiguse vanishi.

Vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyowekwa ndani ya viatu vipya siviweki kamwe. Vinafaa kwa kamera na dawa, lakini ndani ya mfuko uliofungwa na udi vitaanza kuukausha kabla haujavuka Tana. Vipo vifuko vya aina nyingine vinavyotoa na kupokea unyevu ili kushikilia kiwango kimoja, na mteja akinipa gharama yake namtilia viwili, kimoja ndani ya mgongo kikiwa kimefungwa kitambaa, kingine karibu na kichwa cha vigingi.

Nje ya mfuko huja sponji, na hapa sponji hufanya kazi mbili, kupokea vishindo na kuchelewesha baridi. Shingo naitegemeza kwa chini ili isining'inie, na kichwa cha vigingi, ambacho katika udi kimepinda kwenda nyuma, nakizungushia zaidi kuliko sehemu yoyote. Kasha la nje nalitengeneza kwa plaiwudi, si kwa mbao nzima, na sababu yake si wepesi peke yake. Kanuni za kimataifa zinataka mbao nzima za kufungashia zenye unene unaozidi milimita 6 ziwe zimepashwa joto la digrii 56 mpaka kwenye moyo wake kwa dakika 30 na kugongwa muhuri, plaiwudi imesamehewa. Kasha lisilo na muhuri huzuiliwa, na kuzuiliwa maana yake ni ghala lisilo na joto kwa siku zisizojulikana. Karatasi pungufu huweza kuuumiza udi kuliko mabawa ya ndege.

Nakiri kwamba sponji nyingi ni ghali. Mizigo ya haraka hutozwa kwa ukubwa ikiwa ukubwa unazidi uzito, na hesabu ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Kasha la sentimita 100 kwa 50 kwa 35 huhesabiwa kuwa kilo 35, hata kama mizani inaonyesha 8. Mteja akiona bei hiyo huniomba nipunguze kasha. Huwa namwonyesha unene wa uso wa udi wake, namwachia aamue mwenyewe.

Ala zenye sehemu za mpingo zina habari yake ya ziada. Jamii ya miti ambayo mpingo umo, Dalbergia, iliingizwa kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017, na kwa muda ikawa hata filimbi moja ya kuuzwa nje inadai kibali. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo, ingawa mbao ghafi bado zimo. Hivyo zumari au vigingi vya mpingo vikiwa sehemu ya ala iliyokamilika havina shida hiyo tena, lakini mteja anayetaka nimtilie kasha moja pamoja na vipande ghafi vya mpingo vya akiba ananitafutia mkwamo. Naviacha. Ukaguzi wa afya ya mimea naufanya mapema kupitia wakala, kwa sababu ileile ya kuogopa ghala.

Njiani napendelea ndege ndogo ya kutoka Manda hadi Nairobi kila kasha linapokubaliwa, kuliko barabara, kwa ajili ya lile joto la buti la basi nililolitaja. Kutoka Nairobi safari ya usiku mmoja huvuka kwenye anga yenye baridi ya digrii 50 hivi chini ya sifuri, lakini baridi hiyo iko nje ya ndege. Sehemu ya mizigo ya ndege kubwa za abiria ina presha na joto la kiasi, ingawa hutofautiana kati ya ndege na ndege. Ndimo wasafirishwamo hata mbwa na paka wa matajiri. Mahali pabaya huja mwisho, yaani gari la kusambaza vifurushi lililolala nje usiku, au ghala lililofungwa tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Kwa hiyo natuma mwanzoni mwa wiki, na namwomba mpokeaji akaichukue ala kaunta kwa mkono wake. Mzigo mmoja wangu uliachwa na msambazaji kwenye baraza la nyumba huko Kanada, mwenyewe akiwa kazini, mpaka theluji ikaufunika. Kasha lile nene la kilo 35 ndilo lililookoa udi huo.

Juu ya kasha nabandika karatasi ya manjano kwa Kiingereza na kwa lugha ya mpokeaji, yenye agizo kwamba lisifunguliwe kwa saa 24. Liwekwe ndani ya nyumba, mbali na radieta, likiwa limefungwa vilevile, mpaka lipate joto la chumba taratibu. Hewa ya nyumbani, hata ikiwa kavu, ina mvuke wa kutosha kugeuka maji juu ya kitu kilichotoka baridini ghafla, na hapo ndipo vanishi nayo hupata nyufa zake. Agizo hili ndilo gumu kuliko yote kutiiwa. Mtu aliyengoja udi kwa miezi hana subira ya kulitazama kasha usiku mzima, nami simlaumu.

Kinachofuata ni cha majuma. Nawataka wasitoe ala yote mfukoni siku ya kwanza. Wafungue mdomo wa mfuko kidogo, waongeze uwazi siku baada ya siku, na nyakati zote wasizopiga waihifadhi kwenye mkoba wake uliofungwa, si ukutani. Chumba kiwe na mashine ya kuongeza unyevu na kipimaunyevu kando yake. Bakuli la maji juu ya radieta ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini halitoshi kwa chumba kizima. Kipimo kikishuka chini ya 40, vigingi huwa vya kwanza kusema kwa kuteleza, na anayevisikiliza vigingi vyake hahitaji kungoja mpasuko.

Ngoma nimeziacha mwisho kwa kuwa kwazo nimeshindwa kupata njia ya kuridhisha. Ngoma iliyochongwa kutoka gogo moja la mwembe ina shida ambayo kabati langu haliiwezi, yaani unene. Gogo husinyaa zaidi kufuata duara la pete zake kuliko kuelekea moyoni, takriban mara mbili zaidi, na tofauti hiyo hulipasua kwa wima kuanzia mdomoni. Nazichonga sasa zikiwa mbichi mpaka zikaribie unene wa mwisho, nazipaka nta kwenye midomo ambako maji hutoka upesi zaidi, na kuziacha zikauke kwa msimu mzima kabla ya kuzimaliza. Zinazopasuka hapa huwa zimeniepusha na aibu ya kupasuka kwa mteja.

Ngozi ni jambo jingine. Hapa Lamu ngozi ya mbuzi hulegea, na wapigaji huipasha moto kabla ya ngoma kuanza. Katika sebule kavu hujikaza yenyewe bila moto mpaka ikachanika ukingoni au ikavuta mdomo wa ngoma ukapinda. Kibangala, ambacho tumbo lake limefunikwa ngozi iliyogundishwa, nakituma ngozi ikiwa imewambwa kwa ulegevu kuliko ningeiwamba kwa mpigaji wa hapa, na sauti yake huwa nzito mpaka kifike. Ngoma kubwa situmi tena zikiwa zimewambwa katika miezi ya baridi. Natuma gogo peke yake, na ngozi kavu ikiwa imekunjwa pembeni pamoja na vigingi na maelezo ya kuilowesha na kuiwamba huko huko, katika hewa itakamoishi. Asiyetaka kuwamba mwenyewe namwambia angoje hadi mwezi wa Mei.